Mwanamke wa Gari Jekundu

Kwenye simu ya mume wangu nilikuta picha ya mwanamke ameegemea gari jekundu. Akasema huyo ni wa gemu, akili mnemba ndiyo imemfanya afanane na mtu. Mimi ni wa kudanganywa na gemu? Mwanamke ana mpaka vinyweleo mikononi.

Jumamosi, kwenye mkutano wa majirani baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, hapa Kicukiro, nikasimama nikamshtaki mume wangu mbele ya wote. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mama Diane, mwenyekiti wetu, akavaa miwani, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Mama Kevine, hili kovu la kidevuni si lako?"

Mume wangu akainamisha kichwa.

"Nilimwekea sura ya mke wangu," akasema. "Unene tu ndio nilipunguza."