Moto Kando ya Ukuta wa Chokaa

Wazee wa kanisa walinipa ukuta mmoja wa majaribio. Kanisa letu la zamani, hapa Marangu, lilijengwa kwa mawe na chokaa, kisha baadaye likapigwa lipu ya saruji. Saruji ilifungia unyevu ndani, mawe yakaanza kumomonyoka. Baadhi ya wazee walitaka libomolewe. Tukakubaliana: lipu yangu ya chokaa ikishika, nitaendelea na kuta nyingine; ikiachia, kanisa linavunjwa.

Kazi ya chokaa nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kuharibu kuta za banda langu la ng'ombe. Ugumu wake si kuipaka, ni kuizuia isikauke upesi ikapasuka. Asubuhi na jioni nililowesha magunia niliyoufunika nayo ukuta. Jua likiwa kali, nililowesha na mchana.

Siku moja nilishuka mjini kununua chokaa. Niliporudi, nikiwa bado barabarani, niliona moshi ukitoka madirishani mwa kanisa. Nilikimbia. Ndani, shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya moto wa magogo. Magunia yote alikuwa ameyatoa ukutani na kuyakunja vizuri.

Nilimwamkia huku nikihema.

"Marahaba. Ukuta wako umelowa kama mtoto asiye na mama," akasema. "Nimekukaushia."

Sikuweza kumkasirikia. Alikulia katika nyumba ambayo moto haukuzimika, na mahindi, ndizi na kuni vyote vilikaushwa darini juu yake. Kwake unyevu ni ugonjwa. Nilimweleza taratibu huku nikitoa magogo nje. Alisikiliza, kisha akauliza kama ng'ombe wangu nao nawalowesha.

Nyufa nyembamba kama unywele zilijitokeza karibu na pale palipokuwa na moto. Kila asubuhi nilizikandamiza kwa mwiko wa mbao, na kila asubuhi nilikuta nyingine.

Mwenyekiti wa wazee alipokuja, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka pembe hadi pembe. Sauti ilikuwa nzito, kama tulivyotaka. Kisha akafika penye nyufa, na kipande cha ukubwa wa sinia kikalia kama debe tupu. Akanigeukia.

"Hapa pamekuwaje?"

Shangazi, aliyekuwa nyuma yangu, akanitangulia. "Hapo niliwasha moto mimi."

Mzee akagonga tena, pembeni kidogo; sauti ikarudi nzito.

"Rudia hiki kipande, halafu anza ukuta wa pili," akaniambia. "Na mama akae nyumbani."

Nimeanza wa pili. Shangazi hakai nyumbani. Kila nikikaribia kanisa, macho yangu huenda kwanza madirishani.