Mkate wa Byamungu Usio na Maziwa

Sisi tuliokulia Misiera, pale karibu na Base Camp ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hatukujua kwamba mafuta ya kujipaka ni kitu cha kununua dukani. Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kuimba kanisani, ulichukua mafuta ya kupikia ya posho tuliyogawiwa kambini, ukamimina kidogo kiganjani, ukapaka miguu kuanzia goti hadi kidole cha mwisho. Kwaya nzima ya watoto ilisimama mbele ya waumini ikinukia kama chapati, na hakuna aliyeona aibu. Binti za siku hizi ukiwasimulia haya wanashika pua, wao wenye vichupa vitano vya kupaka uso peke yake.

Nakumbuka mengi ya kambi ile: mpira wa majani makavu ya migomba tulioupiga mpaka ukafumuka, foleni ya bomba la maji tulipocheza kamba huku madumu yakitushikia nafasi, na sombe ya Mama, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka kinu kikalia. Lakini kinachonirudia kila nikisikia harufu ya ndizi mbivu juu ya makaa ni mkate wa mdogo wangu Byamungu.

Nilikuwa na miaka kumi alipofikia umri wa kuanza kula. Jirani yetu Mama Furaha alitoka milimani kwetu huko Kivu ya Kusini, Kongo, kama sisi, ila wao walikuwa wafugaji, na kwao maziwa ndiyo upendo wenyewe. Alileta kikombe cha maziwa ya asubuhi, akamnywesha mtoto kwa kijiko huku akimwombea baraka. Kabla hajamaliza kuomba, midomo ya Byamungu ilikuwa imevimba, na ngozi imetoka mabaka kama amelala kwenye upupu. Mama alimbeba mbio hadi zahanati.

Muuguzi wa pale, mama wa Kinyankole mwenye Kiswahili cha mkato, alimtuliza mtoto kwa dawa kisha akamtazama Mama vizuri. "Mama, huyu mtoto maziwa ya ng'ombe hapana. Mkate ya duka pia hapana, iko na maziwa ndani. Chakula mpya unapatia moja moja, siku tatu unaangalia."

Mama Furaha aliposikia alikaa chini kwa huzuni. "Mutoto asiyekunywa maziwa," akasema, "tutamukomalisha na nini?"

Mama alimjibu kwa mikono. Alianza na uji mwepesi wa muhogo, akaangalia siku tatu. Akaongeza ndizi mbivu, zile ndogo tamu, akaangalia tena. Mtoto alipokaa salama, Mama akaamua kumpikia mkate wake mwenyewe. Aliponda ndizi mpaka zikawa uji, akachekecha unga wa muhogo mara mbili, akakanda kwa maji ya vuguvugu. Hakutia yai, wala sukari, wala chumvi. Sufuria iliwekwa juu ya makaa machache, na mengine yakapangwa juu ya kifuniko, joto lipate kushuka na kupanda. Ulitoka mkate mzito, wa rangi ya udongo, ukoko wake mwembamba na tumbo lake laini. Mama alikata vipande vya ukubwa wa kidole, akavilainisha kwa maji, na Byamungu akavifyonza akiwa amefumba macho. Sisi wakubwa tuligombania ukoko.

Kazi yangu ilikuwa kupaka sufuria mafuta, na niliringa nayo kama mtu aliyepewa ofisi. Mama alioka Jumatano na Jumamosi, sufuria ile haikupikiwa kitu kingine, na kijiko cha chungu kingine hakikuruhusiwa kuigusa.

Halafu ikafika Pasaka, kwaya ikaimba Jumapili na Jumatatu mfululizo. Mimi na wenzangu tulijipaka hadi viwiko. Jumatano Mama aliponituma kupaka sufuria, chupa ilikuwa kavu. Nilijua nikisema nitachapwa. Nikazunguka nyuma hadi kwa Mama Furaha, nikaomba mafuta kidogo ya kupikia. Hakuuliza ya nini. Alikuwa ametoka kusuka maziwa kwenye kibuyu, akanichotea donge la siagi kwenye jani la mgomba. Nilipaka sufuria, ikateleza vizuri kuliko siku zote.

Wallahi sikufikiria. Kwangu mimi maziwa yalikuwa kitu cheupe cha kunywa, na lile donge lilikuwa mafuta.

Safari hii Byamungu alivimba mpaka macho yakazibika, na pumzi ikawa inapiga filimbi. Nilikimbia nyuma ya Mama hadi zahanati nikilia kwa sauti, watu wakadhani nalia kwa ajili ya mtoto. Nusu ilikuwa kweli.

Alipona. Lakini Mama hakujua adui ni nani, basi akaushtaki mkate. Aliumwaga kwa kuku, akaacha ndizi, akaacha muhogo, akamrudisha mtoto kwenye titi peke yake. Wiki zikapita. Byamungu akalegea, shingo ikawa nyembamba, na siku ya kupimwa ukanda wa kupimia unene wa mkono ukaingia kwenye rangi ya njano, ya mtoto anayeanza kudhoofu kwa njaa. Mama hakulia pale. Alilia nyumbani, ameinamia sufuria tupu, na mimi nikaona nikinyamaza tena nitamzika mdogo wangu.

"Mama, si mkate," nikasema. "Ni mimi. Nilipaka siagi ya Mama Furaha."

"Na mafuta yetu?"

"Iliisha."

"Iliishia fasi gani?"

"Ku miguu."

Mama alinitazama miguu. Nilingoja fimbo. Badala yake akachukua kitenge, akanifunga mtoto mgongoni. "Utapita ku kila nyumba, kuanzia hapa mpaka ku bomba. Utasema na kinywa yako: huyu mutoto wetu hapatiwe maziwa, wala siagi, wala kitu yenye iko na maziwa."

Nyumba ishirini na tatu. Nilitamani fimbo. Kwa Mama Furaha nilishindwa kumaliza, nikamwaga machozi, naye akanivuta kifuani na kulia pamoja nami. Jumamosi ile Mama alioka tena, na Mama Furaha ndiye aliyeleta ndizi. Tangu hapo hata watoto waliocheza uwanjani walimnyang'anya Byamungu andazi mkononi, wakipiga kelele kwamba lina maziwa. Alikua akilindwa na mtaa mzima, na leo ananizidi urefu kwa kichwa kizima.

Siku hizi nakaa mtaa wa Ruti, mjini Mbarara, nyumba ya tofali yenye geti. Binti yangu ana miezi saba, na ngozi yake imekataa maziwa kama ya mjomba wake. Wadogo zangu wananicheka nikiponda ndizi. Wao mtoto akianza kula, wanapiga picha kwanza, kisha wanaiuliza simu kama chakula ni kizuri. Mimi nasoma pakiti mpaka herufi za chini kabisa, na naoka mara mbili kwa wiki.

Wiki iliyopita msichana wa nyumba ya pili alimpitishia mwanangu biskuti kwenye nafasi ya geti, kwa mapenzi tu. Niliiwahi. Kesho yake nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kugonga geti lao. Sauti ya ndani ikaniuliza natoka ofisi gani. Nikasema mimi ni jirani. Ikauliza tena, "Jirani wa wapi?"

Tuna miaka minne mtaa huu. Nikaeleza habari za maziwa nikilisemesha bati la geti, nikaaga, nikaenda geti linalofuata.