Jina Lililotokea Nilipolipia Dagaa

Leo simu imeniuliza kama nina uhakika nataka kumtumia mama yangu hela.

Mama tulimzika mtaani kwetu Kasense mwaka juzi.

Iko hivi. Niko likizo hapa Sumbawanga. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka, ninakofanya kazi hata mkate nalipa kwa kadi, kwa hiyo sokoni nikamnyooshea kadi dada anayeuza dagaa wa Kirando.

Akacheka. "Kaka, hiyo nitaichomeka wapi? Tuma kwa simu."

Akanitajia namba, nikaiingiza. Likatokea jina la mpokeaji. Astelia. Na mengine mawili yakafuata: majina yote matatu ya mama yangu!

Jamani, nikalisoma mara mbili.

"Dada, Astelia ni nani?"

"Mama mmoja wa Kasense. Mimi sikuwa na kitambulisho, akanisajilia laini kwa alama zake za vidole. Wateja wakilipa wanaona jina lake, basi na mimi wananiita hivyo hivyo. Unamfahamu? Hajambo?"

Nikamwambia ni mama yangu, na kwamba amefariki.

Dada akakaa juu ya ndoo, mkono mdomoni.

Nikaweka namba ya siri, malipo yakaenda.

Mara mteja mmoja akaita nyuma yangu, "Astelia! Dagaa wamebaki?"

Dada akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Abee," akaitika, polepole.

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi, mngemwambia abadilishe laini?