Mitende Mitatu Isiyozaa

Mimi ndiye niliyesema ile mitende mitatu ikatwe. Naanza na hilo kwa sababu mwaka wa nne huu sijalitamka mbele ya mtu. Mume wangu hakuhitaji kuambiwa, alikuwepo.

Tulikuwa na wiki ya pili tu shambani, nje kidogo ya mji wa Adam, huku Oman. Kabla ya hapo tuliishi Nizwa, kama maisha yale yanaitwa kuishi. Mimi nilikuwa mtumishi wa ndani, nalala chumba cha nyuma pamoja na mashine ya kufulia. Mume wangu alimwagilia majani na mawaridi kwenye bustani za watu, na akilala chumba kimoja na wanaume sita. Tulionana Ijumaa mbele ya duka, tukanywa chai, tukaagana kama watu waliokutana safarini. Binti yetu alikuwa Pemba kwa mama yangu. Alikuwa na miaka minane na alinijua kwa simu.

Ndipo jumuiya moja ya hisani, ya watu wenye asili ya Unguja waliojaaliwa huku, ikatuchagua. Familia tano, sisi na wengine wa bara, tungehamishiwa kwenye shamba lililoachwa miaka mingi. Shamba lilikuwa na mitende, vibanda vya mbuzi, na zamu yake ya maji ya falaj, ule mfereji wa kale ambao kila shamba hupata maji yake kwa zamu. Tungelima, tungefuga, tungeuza, na baada ya mwaka tungejitegemea. Jumuiya ingekuwa kafili wetu, yaani mdhamini wa vibali. Na watoto wangeruhusiwa kuja. Sharti lilikuwa moja: atakayeharibu mali ya shamba au kugombana na majirani, kibali chake kitafutwa na atarudishwa kwao. Niliposikia habari ya watoto, masikio yangu yaliziba. Sharti nililikumbuka baadaye.

Binti yangu alifika na begi moja, na siku ya kwanza aliniita shangazi. Nilicheka na wenzangu kisha nikaenda kulia kwenye kibanda cha mbuzi. Siku ya tisa aliomba maji akaniita mama bila kufikiri. Nikampa maji, sikusema kitu, niliogopa nikisema atagundua na kuacha.

Sasa hiyo mitende. Kwetu mume wangu alikuwa mkwezi. Minazi aliijua kwa kuigonga tu na kisu. Mitende hakuijua, wala mimi. Tulikuwa tunasafisha shamba, nami nikaona kando ya mfereji mitende mitatu minene, makuti yamesongamana, haina hata shada moja kavu la tende, ilhali mingine yote ilining'iniza mashada ya zamani.

"Hii haizai," nikamwambia. "Inakunywa maji yetu bure."

"Ngoja tumuulize mtu kwanza," akasema.

"Umuulize nani? Kwani kwetu mnazi usiozaa hufanywa nini? Au mkwezi mzima unaogopa mti?"

Alicheka, lakini kidogo tu. Akaenda kuazima msumeno wa mota.

Mpwani akiangusha mnazi hauachi hivihivi. Kileleni mna shaha, ule moyo mweupe na laini, tunda la siku moja katika mwaka. Tukaona mtende nao una shaha lake, tamu vilevile. Tulikula familia zote tano siku ile, tumekaa chini kwenye majamvi, na watoto wakigombea vipande. Nikajaza sahani, nikampelekea jirani wa ukutani, bibi mmoja aliyezaliwa Unguja akarudi huku na jamaa zake zamani. Sahani ya jirani hairudi tupu, ndivyo tulivyolelewa. Asubuhi yake alikuja nayo mwenyewe, imejaa vilevile nilivyoijaza.

"Shikamoo bibi."

"Marhaba. Shaha hili mmelitoa wapi?"

Nikamwonesha. Alitazama vile visiki vitatu, akaweka sahani chini juu ya mchanga.

"Subhanallah. Mwanangu, mti huu hauzai kwa kuwa ni dume! Mtende una dume na jike, kama mbuzi. Sie twaliita fahal. Watu wa falaj hii yote, kutoka juu mpaka msikitini, hufuata makarara ya hawa watatu, yale maua yao yenye unga, wakayatia kwenye maua ya majike yao. Yasipotiwa, tende hazishiki. Babu wa mwenye shamba aliwapanda kwa ajili ya Allah, kila mtu achukue bure."

"Bibi, utawaambia?"

"Mie? Mie sina haja ya kusema. Mwezi wa kwanza maua yakifunguka watakuja wenyewe."

Akaondoka. Nimeogopa mara nyingi maishani. Niliogopa ndege, niliogopa bosi wa kwanza, niliogopa kufa ugenini. Woga huu ulikuwa mwingine. Kila niliponyanyua kichwa nilimwona binti yangu akikimbia kati ya mitende ile iliyobaki, akihesabu kwa Kiarabu alichokiokota kwa watoto wa jirani.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Twende tukaseme leo hii, kabla hawajajua. Tumefanya kwa ujinga, si kwa shari."

"Na kibali? Wakikufutia, wakanifutia, mtoto anarudi wapi?"

Akanisikiliza kwa mara ya pili. Nikavifunika visiki kwa makuti makavu. Gari lolote likipita kwenye ile njia ya vumbi, mkono wangu uliacha kazi wenyewe. Afisa wa jumuiya alipokuja kutukagua alisifu usafi wa shamba, akatupanga tupigwe picha kando ya mfereji, na mguu wake ukawa juu ya makuti yale. Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Baadaye nilijua kwamba sokoni Nizwa makarara ya dume huuzwa msimu ukifika. Tungesema mapema, majirani wangejinunulia. Woga haukunipa hata nafasi ya kuuliza.

Mwezi wa kwanza ukafika. Asubuhi moja mzee akaingia shambani na mundu na kamba yake ya kukwelea begani, akasalimu, akaenda moja kwa moja kando ya mfereji kama mtu aendaye kwenye kabati lake. Akasimama. Akayasogeza makuti kwa mguu. Hakupiga kelele. Alivitazama visiki kimoja kimoja, akageuka, akatoka bila kuaga, na huko nje nikasikia akiwaita wenzake.

Kesho yake afisa wa jumuiya alikuja na majirani wanne. Tulikusanywa sote mbele ya nyumba. Binti yangu alikuwa ameegemea goti langu, anasuka kipande cha ukuti.

"Nani aliyeamua mitende hii ikatwe?" akauliza afisa kwa Kiswahili.

Maneno nilikuwa nayo. Niliyapanga tangu usiku: ni mimi, nilidhani haizai, nisameheni. Nilifungua mdomo. Kisha nikahisi uzito wa kichwa cha mwanangu kwenye goti, na mdomo ukafunga. Mume wangu alinitazama mara moja. Mimi nikatazama chini.

"Mimi," akasema. "Niliona haizai."

"Hukumuuliza mtu?"

"Sikumuuliza."

Mama yangu alikuwa akisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Zamani niliona ni maneno ya kutuzuia watoto tusipigane. Yule bibi jirani alikuwa amesimama nyuma ya wanaume. Alinitazama, akajifunga ushungi vizuri, akarudi kwake.

Kibali cha mume wangu kilifutwa. Changu kiliachwa kwa sababu mbuzi niliowatunza walikuwa wamezaa vizuri na nilikuwa, wakasema, mwanamke mtulivu. Alituaga kwenye barabara kuu, akanipa msumari aliokuwa akitundikia shati lake, sijui kwa nini, akasema, "Kaa na mtoto." Mwaka ule majirani walihangaika kununua makarara, mengine yalichelewa, na nusu ya mitende ya falaj haikushika tende. Hakuna aliyenisema vibaya. Walinihurumia, wakaniletea maziwa.

Sasa binti yangu ana miaka kumi na miwili na Kiarabu chake kimenishinda. Juzi, tulipomaliza kuongea na baba yake kwa simu, alikaa mlangoni huku nikiosha vyombo.

"Mama," akasema, "baba ni mkwezi. Kwa nini hakumuuliza mtu kwanza?"

Nilisuuza sufuria, nikaisuuza tena.

"Baba yako mbishi," nikamjibu. "Hapendi kuuliza."