Mgonjwa Aliyeletwa kwa Kamba

Juma hili tumemzika daktari niliyemfahamu hapa Mpanda, mama mfupi wa sauti ya chini, aliyewatibu wengi wenu mnaosoma safu hii. Shinikizo la damu limemwondoa akiwa bado kazini. Makaburini watu walisifu upole wake. Mimi nilimkumbuka akiwa na damu usoni.

Mchana ule wa damu nilikuwa hospitali nikimuuguza mke wangu, mkokoteni wa ng'ombe ukaingia kutoka kijiji cha Kakese. Ulimbeba mfugaji wa Kisukuma, mtu wa makamo, amefungwa kamba mikono na miguu. Alikuwa na homa kwa siku kadhaa. Asubuhi hiyo alianguka, akakakamaa, akatupa miguu. Ndugu zake wakadhani ni pepo. Walimchapa fimbo, wakamkalia kifuani, wakampanua kinywa kwa mpini wa jembe hadi meno yakavunjika.

"Mfungueni," daktari alisema.

"Akifunguliwa ataua mtu," kaka yake mkubwa akajibu.

"Nyie ndio mnaomuua."

Akazikata kamba mwenyewe. Mgonjwa, asiyejitambua, akampiga ngumi ya pua, kisha degedege likamshika upya, kichwa kikigonga mbao za mkokoteni. Daktari hakujifuta damu. Alimlaza ubavu, akamchoma sindano ya kuzuia degedege, akampima sukari, akamtundikia dripu. Kipimo cha damu kilionyesha malaria, na daktari mwenzake akataka waishie kwenye kwinini. Mama yule akakataa. "Mtoto mdogo homa tu inaweza kumtia degedege. Mtu mzima tutafute kilichoshika ubongo." Mgonjwa alipotulia wakamtoa maji ya mgongo; yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Akatibiwa malaria na homa ya uti wa mgongo kwa pamoja.

Alipona, ila sikio moja halikusikia tena. Mji wetu una mkono mwepesi kwa kila kinachoutisha: kibaka sokoni Kashaulili, bibi kizee mwenye macho mekundu, hata mgonjwa asiyeweza kujitetea. Hofu ikishika fimbo, haiulizi.

Nilikuwepo siku mgonjwa alipouliza nani alimvunja meno.

"Mwambieni," daktari alisema. "Kesho ataanguka jirani yenu, naye mtamvunja hivyo hivyo."

"Ni mimi," kaka yake akasema. "Nilidhani nakuokoa."

Mgonjwa akageukia ukutani.

Basi, wasomaji wangu, mtu mzima mwenye homa akianguka na degedege, mlazeni ubavu, msimfunge, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Upendo usiojua unachokifanya unaweza kuvunja mifupa sawasawa na chuki.