Unga wa Dagaa Jikoni kwa Mama wa Kihindu

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Vijana wenzangu wa kanisa letu la Buhongwa wananijua: mtu akija na habari ya muujiza, nauliza kwanza nani mwingine alikuwepo. Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kwamba Jumamosi tutakwenda Nyamagana kujitolea kwenye ghala la chakula linaloendeshwa na familia za Kihindu, nilisema waziwazi kwamba tunakwenda kupigwa picha na kurudi. Nikaambiwa ninyamaze. Sikunyamaza, lakini nilikwenda.

Ghala lenyewe liko nyuma ya maduka yao. Wafanyabiashara huleta mchele, dengu na unga. Sehemu moja hugawiwa ikiwa kavu kwa wenye shida, na sehemu nyingine hupikwa palepale kila Jumamosi kwa ajili ya watu wanaouguza ndugu zao hospitali. Wengi wametoka mbali, Sengerema na visiwani huko, hawana mwenyeji mjini, na kile kidogo wanachopata wanampa mgonjwa. Niliingia nikatazama magunia yaliyopanda hadi karibu na dari, kisha nikaliona sufuria. Jamani. Sisi tunapikia harusi na misiba, lakini sufuria lile lingemeza ya kwetu yote na vifuniko vyake. Mwiko wake mrefu kama kasia. Nikaacha kunung'unika.

Mwenye jiko alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, sari yake imefifia kwa kufuliwa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akatupa salamu ya asubuhi, "mwangaluka", kwa Kisukuma safi kuliko changu, maana amezaliwa hapa hapa Mwanza. Wenzangu wakacheka kwa furaha. Akatuambia tuvue viatu, tufunge vichwa, tunawe mpaka viwiko, na mtu asionje chakula kabla yeye hajakipeleka kwa Mungu. Kila Jumamosi bakuli la kwanza huwekwa mbele ya picha iliyo kwenye kibao ukutani, anaomba, ndipo watu wanapakuliwa. Nililipenda hilo. Sisi huwa tunaomba vijiko tayari viko mkononi.

Jambo moja hakutuambia, na simlaumu. Nani anamkumbusha mgeni asitie mafuta ya taa kwenye chakula?

Kati yetu kulikuwa na dada mmoja wa sauti ya pili kwenye kwaya, mzaliwa wa visiwani, mwenye roho nzuri mpaka inakera. Alikuwa amebeba mfuko wa unga wa dagaa aliowatwanga mwenyewe, zawadi yake kwa jiko. Mama alipokwenda ghalani, dada akachungulia sufuriani, ambamo mchele na dengu vilikuwa vinachemka pamoja, akasikitika.

"Hawa watu hawalali, wanauguza," akaniambia. "Watapata wapi nguvu kwa chakula kama hiki?"

Akamimina mfuko mzima, akakoroga. Mimi nilikuwa karibu yake nakata vitunguu, na nilichosema ni kwamba sasa ndiyo panaanza kunukia chakula. Sote tulijua Wahindu hawali ng'ombe. Dagaa ana kosa gani? Ukizaliwa kando ya ziwa hili, mtu asiyekula hata dagaa unamsikia tu kwa watu, na humwamini aliyekusimulia.

Mama akarudi na bakuli lake dogo la shaba. Akafunua kifuniko, akainama, akabaki vilevile.

"Nani ametia nini humu?"

Dada akajibu kwa fahari kabisa, akamweleza na jinsi alivyochagua dagaa wakubwa tu. Mama akarudi nyuma. Halafu akatueleza polepole, bila kupandisha sauti, na upole huo ndio ulionitisha. Maishani mwake hajawahi kuonja samaki, nyama wala yai. Sufuria lile alilirithi kwa mama mkwe wake, na hata siku moja halijaingiwa na kitu kilichowahi kupumua. Chakula hiki hakiwezi kwenda kwa Mungu, na kisichokwenda kwa Mungu hakijawahi kutoka katika jiko hili.

Dada alishika mdomo. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanitoka, nikavisingizia vitunguu.

Na nje watu walikuwa wameshapanga mstari hadi barabarani. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia. Wakikosa hapa, wangerudi wodini na tumbo tupu mpaka kesho, na kuanza upya sufuria lile ni kazi ya nusu siku. Ama chakula kimwagwe, ama kigawiwe. Mama alisimama katikati ya jiko akitazama mlango.

Mwenyekiti wetu wa vijana akajitosa. "Mama, kapumzike ndani. Tuachie sisi tugawe, kosa ni letu."

Lilikuwa neno jema, mimi ningelikubali mbio.

"Wale ni wageni wangu," mama akasema. "Nikajifiche ndani, mgeni wangu apakuliwe na nani?"

Akachukua lile bakuli la shaba, akaliweka mbele ya picha likiwa tupu. Akaunganisha viganja, akafumba macho. Sijui alisema nini, lakini nimesali katika mikesha mingi yenye spika kubwa na sijawahi kuogopa mbele ya sala kama nilivyoogopa pale. Alipofungua macho akashika upawa.

Hakuziba pua. Mvuke ulimpanda usoni, naye anamkaribisha kila mtu kama kawaida yake. Ukimwangalia kwa mbali ungesema hakuna kilichotokea. Sisi tuliokuwa karibu tuliona machozi. Mimi nilimpokeza sahani tu, nikijiona mdogo.

Zamu ikamfikia bibi mmoja wa Sengerema anayemuuguza mwanawe. Mama akamwamkia shikamoo. Bibi akapokea sahani, akainusa, uso ukakunjuka. Miguu ilikuwa imemchoka, akaketi palepale chini akaanza kula.

"Leo nimekula kama niko kwangu," akasema.

Sasa bibi wa watu amelelewa vizuri, hawezi kutafuna mbele ya mtu aliyesimama akimtazama. Akasogeza sahani upande wa mama.

"Karibu, mwanangu. Njoo tule."

Nilitamani ardhi inimeze. Kukataa karibu ya mzee hivihivi ni kumwambia chakula chake kinakutia kinyaa, na hapo bibi angelisukuma sahani pembeni, njaa yake na yote.

"Ahsante bibi," mama akasema, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Mimi leo nimefunga. Wewe kula ushibe."

Bibi akaridhika, akala mpaka akakomba sahani. Mama hakuwa amefunga hata kidogo. Asubuhi tulikunywa naye chai, na maandazi alikula.

Mstari ulipokwisha, wote walikuwa wamekula na wamewahi wodini. Dada alikuwa ameingia nusu mwili ndani ya sufuria, anasugua na kulia kwa pamoja. Mama akamwambia basi, litatakata, na Jumamosi ijayo awahi wapike wote. Kisha akaketi juu ya gunia, amechoka vibaya. Mkwe wake akaja kutoka nyumbani na chapati na mboga, bado vya moto. Mama akavitazama kidogo, akavifunika.

"Rudisha, mwanangu. Nimemwambia yule bibi kwamba nimefunga."

"Lakini mama, ameshakwenda hospitali," mkwe akasema. "Hatajua."

"Mimi ninajua," mama akasema, akainuka, akachukua ufagio.