Aliniuliza Kama Maji Yanapwa

Kabla sijaiona mashua, nilimwona mwanaume mzima amechuchumaa ukingoni mwa bwawa. Alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema.

"Hayana chumvi kabisa," akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyedanganywa.

Ndipo nikainua macho.

Mashua nyeupe ya tanga ilikuwa juu ya lori la mahindi, mlingoti wake umelazwa na kufungwa kwa kamba za katani. Imetoka Tanga, imepita Kibaigwa, imepita Dodoma mjini, imekuja mpaka kwetu Mtera. Watoto walikuwa wameikimbilia tangu barabara ya lami, na vumbi limewafanya wote rangi moja.

Jamani, mashua ya tanga. Wilaya ya Mpwapwa!

Najua mtasema natunga. Someni kwanza, matusi wekeni mwisho.

Naitwa Emiliana. Mimi ni Mgogo, nina miaka ishirini na tatu, na la saba sikumaliza. Niliishia la tano. Siku moja mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nisome, nikalitamka neno moja la Kiswahili kwa lafudhi ya nyumbani. Walicheka wiki nzima. Wiki iliyofuata sikurudi.

Tangu hapo nikawa na tabia. Mtu akitumia neno nisilolijua, simuulizi maana. Nachagua "ndiyo" au "hapana," basi.

Nilikuwa mpishi kwenye loji ndogo kando ya bwawa. Mwenye loji ni mzee mmoja, mstaafu wa serikali, anaitwa Stanley. Anaishi Dodoma, anakuja Ijumaa, anaondoka Jumapili. Tulimwita Mheshimiwa kwa sababu usipomwita hivyo haitiki. Msimamizi wetu alikuwa Filipo, na Filipo ndiye aliyenipa jina la Bubu. Mpaka wageni wakaniita hivyo. "Bubu, lete chumvi." Naleta.

Yule aliyeonja maji ni Hamidu, baharia wa Pangani. Mheshimiwa alimchukua pamoja na mashua. Alimwahidi kazi ya kudumu na chumba cha kuishi na mke wake, mradi mashua iwe tayari kubeba wageni siku ya Nane Nane.

Shida ikaanzia kwenye swali moja. Mashua ifungwe wapi?

Sehemu zilikuwa tatu. Mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Nyuma ya majabali, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Na hapa mbele ya loji, maji yanapoingia kidogo nchi kavu.

Hamidu alizunguka siku mbili na kamba aliyoifunga jiwe, anapima kina. Jioni ya pili akasimama mbele ya veranda.

"Mheshimiwa, mimi naona nyuma ya majabali. Kina kipo, na upepo haufiki."

"Nani atatembea mpaka huko? Mgeni wangu ana kisukari."

"Hapa mbele kuna visiki chini. Ile miti iliyozama zamani."

"Si viko chini ya maji? Na maji yapo. Shida iko wapi, Kapteni?"

"Mashua hii ina mkuku, Mheshimiwa. Ule uzito wa chuma ulioning'inia chini. Mkuku ukigusa ardhi, mashua inalala ubavu. Ikilalia kisiki, inatoboka."

"Mimi nataka mgeni anywe chai anaitazama. Nimemaliza."

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Bwawa lilijaa mpaka maji yakalamba nyasi za bustani. Kwa macho, pale mbele palikuwa pazuri kuliko kote.

Hamidu hakuridhika, akaenda mwaloni kuwauliza wenyeji. Bahati mbaya Mheshimiwa alikuwa amewafukuza wavuvi wasianike nyavu mbele ya loji. Hamidu alisimama pale na salamu zake za pwani, mmoja akamjibu, "Kamuulize bosi wako." Wengine hawakuinua hata kichwa.

Basi akaja mlangoni mwa jiko. Nilikuwa namenya viazi.

"Dada Emiliana."

Nilishtuka. Tangu nifike pale, hakuna aliyewahi kuniita dada. Nilikuwa sijui hata kama jina langu analijua.

"Wewe ni mwenyeji. Mimi nimesikia maji ya bara hayapwi, lakini nataka kuhakikisha kwa mtu wa hapa. Maji haya yanapwa?"

Yanapwa.

Neno lile sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Nikakumbuka alivyoyaonja, alivyotema. Nikajua anauliza kama maji yetu ni mabaya, kama yanaumiza tumbo. Na mimi nimekunywa maji yale tangu utotoni.

"Hapana," nikasema. "Hayapwi."

"Hata kiangazi?"

Kiangazi tope linatulia, maji yanakuwa meupe kabisa. Nikaona hilo ni swali rahisi.

"Hata kiangazi."

Akatabasamu. "Ahsante, dada. Umenitoa wasiwasi."

Kesho yake akaifunga mashua pale mbele, nanga mbele na nanga nyuma, kamba akazikaza ili isizunguke. Kisha akaaga. Anakwenda Pangani kumaliza mambo yake na kumchukua mkewe, atarudi siku yenyewe ya Nane Nane. Akaniachia namba yake ya simu.

"Ukiona kitu chochote kimebadilika, nipigie. Wewe ndiye jicho langu."

Jicho lake! Mimi!

Ijumaa iliyofuata Mheshimiwa alimwambia Filipo, "Siku hizi mshauri wa bandari yangu ni Bubu." Wakacheka mpaka Filipo akapaliwa na chai. Mimi nilikuwa jikoni nimetazama ukuta, na nilikuwa na furaha. Mtu mzima ameniuliza jambo, nikajibu, na mashua nzima ikafungwa kwa neno langu.

Katikati ya Julai nilikwenda mwaloni kununua perege kwa Mishi. Mishi ni Mrangi wa Kondoa, lakini aliwahi kuolewa Tanga.

"We binti," akaniambia huku anapara samaki, "ile mashua yenu, maji yakipwa mtaibeba mgongoni?"

Nikatazama kushoto na kulia. Nikainama karibu yake.

"Dada Mishi, yakipwa ndiyo nini?"

Alicheka mpaka kisu kikamtoka.

"Kupwa! Maji kwenda zake, mama. Kushuka. Pwani yanapwa asubuhi, jioni yanarudi. Haya yetu yakienda yameenda, mpaka mvua. Wavuvi wote hapa wanajua. Wanasubiri ilale tu wapige picha."

Nilirudi na samaki mkononi.

Nikaenda kwenye jiwe ninalooshea sufuria. Mwezi uliopita nililikalia huku miguu iko majini. Sasa lilikuwa kavu, na mbele yake kuna hatua nane za tope lililopasuka. Nilikuwa nimelipita kila siku. Nilikuwa natembea tu mbele kidogo zaidi kuyafuata maji, sijiulizi.

Nikachukua simu. Nikaandika, "Kaka Hamidu maji yanapwa."

Nikafuta.

Nikaandika tena. Nikafuta tena.

Nilikuwa namwambia nini hasa? Kwamba sikuelewa swali lake? Kwamba msichana mzima hajui neno la Kiswahili? Angemwambia Mheshimiwa, Mheshimiwa angemwambia Filipo, na mimi ningesimama tena mbele ya darasa.

Nikajiambia maji yatasubiri. Aisee, maji hayamsubiri mtu aliyeona haya.

Siku ya Nane Nane Hamidu alishuka kwenye basi asubuhi akiwa na mkewe, Salma. Salma alibeba godoro kichwani, na mkononi mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ya nazi, Mtera! Alikuja kuishi.

Walipopita kona ya loji, Hamidu akasimama.

Mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe aliyekufa kwa kiu. Mlingoti umelalia nyasi. Kisiki kimeingia tumboni, na ncha yake ilionekana ndani, pale wageni walipopaswa kukaa.

Filipo alikuwa amekaa veranda anakula muhogo. "Kapteni, karibu! Meli yako imechoka, imejilaza kidogo."

Langoni mwa loji yakaingia magari matatu. Mheshimiwa na wageni wake. Wanawake wamevaa kofia pana za jua.

Mheshimiwa alitazama mashua. Akawatazama wageni. Kisha akamtazama Hamidu.

"Kapteni. Hii ni nini?"

"Mheshimiwa, niliuliza. Nilimuuliza huyu dada kama maji yanapwa. Akaniambia hayapwi, hata kiangazi."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe.

"Bubu," Mheshimiwa akasema polepole. "Alikuuliza?"

Nilitikisa kichwa. Hapana.

"Hakukuuliza?"

Nikatikisa tena.

Filipo akacheka. "Huyu hata shikamoo yake lazima uitegee sikio! Leo aongee habari za maji na mtu wa pwani?"

Wageni wakacheka. Waliniamini. Nani asingeniamini? Bubu hana mdomo, atadanganya kwa nini?

Hamidu hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada Emiliana?"

Nikatazama vikombe.

"Iinue," Mheshimiwa akamwambia. "Umeilaza mwenyewe, iinue mwenyewe. Wageni wangu wamekuja kuona baharia, waonyeshe."

"Mheshimiwa, hii ni kazi ya watu ishirini na magogo ya..."

"Iinue."

Filipo na watunza bustani wawili wakashika kamba. Hamidu akatambaa chini kwenye tope, asukume ubao kati ya mkuku na kisiki. Wageni walitoa simu. Mmoja akawa anahesabu kwa sauti kama kwenye mashindano ya kuvuta kamba. "Moja! Mbili!"

Mtunza bustani mmoja akateleza.

Mashua ikarudi chini.

Sauti niliyoisikia ni ya bua la mahindi makavu linapovunjwa. Kisha Hamidu akalia, na simu zikashuka moja baada ya nyingine.

Mkono wa kulia.

Salma alivua kanga yake ya juu akaufunga. Ikalowa. Akapiga magoti kwa Mheshimiwa. "Baba, nakuomba gari. Nakuomba."

"Magari ni ya wageni," akasema. "Bodaboda zipo barabarani. Filipo, waonyeshe."

Walimweka katikati, dereva mbele, mke nyuma, mkono umeinuliwa juu. Godoro lilibaki kwenye nyasi.

Hospitali waliukata mkono kwenye kiwiko.

Ijumaa iliyofuata Mheshimiwa aliniita veranda.

"Emiliana," akasema. Nikajua nafukuzwa, maana leo ameniita jina langu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Siku ile Kapteni anakuuliza kule jikoni, unajua mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

Nikamwekea chai mezani, nikabaki na trei.

"Kwenye kiti hiki hiki. Dirisha la jiko liko nyuma yangu. Nilisikia lile swali na jibu lako. 'Hata kiangazi.' Nikacheka peke yangu."

Nikageuka kulitazama lile dirisha. Lilikuwa wazi.

"Bwawa hili linajengwa mimi kijana, naliangalia. Najua yanashuka. Nilidhani yatatufikisha Nane Nane, nikakosea siku chache." Akakoroga chai. "Ungekiri Nane Nane kwamba alikuuliza, lawama ingemtoka, naye angesema mimi ndiye niliyemlazimisha kuifunga hapa. Mbele ya watu wangu. Lakini ukanyamaza. Nimemwondoa Filipo, ana mdomo. Usimamizi chukua wewe."

Akasukuma funguo mezani.

Wasomaji wangu, nilizichukua.

Mpaka leo ninazo. Siku hizi hakuna anayeniita Bubu, wananiita Madamu. Mashua tumeigeuza banda la kuku. Niliwahi kuipiga ile namba mara moja, akapokea Salma. "Nani?" Nikakata.

Nimejifunza hivi: usipolielewa neno, uliza hapo hapo. Watakucheka, na kicheko kitaisha kabla ya jua kuzama. Usipouliza, mwenzako atalipa kwa kiungo chake, na wewe utapewa cheo.

Kaka Hamidu, sijui kama unasoma mambo haya. Hili sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote, hata kwa padri.

Uliniuliza. Ulisimama mlangoni mwa jiko ukaniita dada, ukaniuliza, na mimi nilikujibu.

Na siku nilipoijua maana yake, mashua yako ilikuwa bado inaelea.